Sauti Iliyosafishwa

Mashine iliuliza swali moja tu, tena kwa adabu ambayo watu wengi wa mtaa ule hawakuwa nayo. "Tumeona marudio mengi na ukimya mrefu katika video yako. Tuyaondoe?" Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana, na kile cha Ndiyo kilikuwa kimeshapakwa rangi ya kijani, kana kwamba jibu linajulikana na swali limeulizwa kwa heshima tu.

Binti wa fundi alikitazama kitufe kile huku chai ikimpoea mkononi. Video ilikuwa ya baba yake, fundi cherehani, akifundisha namna ya kuunganisha mkono wa koti na bega bila kitambaa kujikunja kwapani. Ilizidi saa nzima. Somo lenyewe, ungeliandika, lingeenea kwenye kiganja. Kilichobaki kilikuwa baba akipigana na herufi. K ndiyo iliyomtesa kuliko zote, na bahati mbaya kazi yake imejaa K: kata, kunja, kola, kiuno, kwapa, kitambaa. Angefika kwenye "kata" akakwama mlangoni mwake, ka-ka-ka-ka, mishipa ya shingo imesimama, macho ameyafumba, mkasi unaning'inia hewani, na kitambaa mezani kinasubiri kama mgonjwa.

Ile programu ya akili bandia alikuwa akiitumia kazini. Kazi yake ofisini ilikuwa hiyo: kuchukua video ndefu za wateja, mahubiri, semina, mahojiano, na kuzikatakata ziwe vipande vifupi vya mitandaoni, vya watu wanaotazama huku wamesimama kwenye foleni. Programu ilimsikiliza baba kwa makini na kuyaandika yote chini ya picha, kwa uaminifu wa karani aliyeajiriwa jana: ka ka ka ka ka ka. Mstari mzima. Mtu asiyesikia angedhani anatazama video ya ufugaji wa kuku.

Mtaani walimwita Dizeli. Asubuhi ya baridi lazima ahangaikiwe ndipo awake, walisema, lakini akishawaka anafika. Hata waliompenda walimwita hivyo, naye aliitika kwa kuinua mkono, maana mkono haujawahi kumkwamia.

Binti alibonyeza Ndiyo.

Hakuwa na nia mbaya. Duka la baba lilikuwa limepooza tangu nguo zilizoshonwa tayari zianze kumwagwa sokoni kwa marobota, na yeye alitaka watu waione ile mikono. Alitaka waone jinsi baba anavyopiga chaki kwa mkupuo mmoja, jinsi anavyolisikiliza koti kwa vidole kabla ya kulitia sindano. Hilo tu.

Mashine ikatafuna kwa muda, kisha ikatema vipande, kila kimoja kimepewa alama pembeni kama karatasi ya mtihani. Akafungua chenye alama ya juu. "Kata hapa," baba akasema, "kisha kunja kidogo kuelekea kwapani, usivute, kitambaa kikivutwa kitakuja kulipiza kisasi siku ya harusi."

Akaweka kikombe chini.

Ilikuwa sauti ya baba, wala hakuna kilichoongezwa. Kilichotokea ni kuondolewa tu. Maneno yale yote aliyasema mwenyewe, na mzaha ule wa harusi ni wake mwenyewe, ila uliposemwa dukani ulikuwa umetawanyika mbalimbali kama vifungo vilivyodondoka, na hakuna aliyewahi kuinama kuuokota. Miaka yote aliyoishi na baba, hakuwa amejua kwamba ni mcheshi. Alirudia kusikiliza mpaka mwenzake wa ofisini, wa meza ya pili, akamgusa bega.

"Wewe, unalia au ni kiyoyozi?"

"Ni kiyoyozi."

"Mwambie bosi akirekebishe, basi. Kinakuliza peke yako."

Kasoro ilikuwa moja. Kila palipokatwa, kichwa cha baba kiliruka ghafla kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayefukuza nzi. Akaificha kwa kufunika picha za mikono juu ya kila mkato: chaki, mkasi, gumba linalolaza mshono. Watu wangeona mikono na kusikia sauti, na uso ungejitokeza pale tu ulipotulia. Akairusha mtandaoni, akaenda kula.

Jioni ile baba hakuwa Dizeli tena huko nje. Alikuwa fundi wa watu wasiomjua.

Vipande vikafuatana, na watu wakafuata vipande. Baba mwenyewe hakuvitazama. Simu yake ilikuwa ya vitufe, na alipopewa ya binti alisema hajawahi kujitazama hata kwenye kioo cha wateja, ataanzia wapi uzeeni. Alichopenda ni kusomewa maoni. Akimaliza kazi, binti alipitia dukani, akavuta kigoda karibu na cherehani, akasoma.

"Huyu anasema: 'Fundi anaeleza mpaka mimi nisiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano nimeelewa.' Na huyu: 'Ningempata mzee huyu shuleni, leo ningekuwa mtu.' Na huyu anasema: 'Maneno yanamtoka kama maji ya bomba.'"

Baba akaacha kukanyaga cherehani. "Ya bo-bo-bomba?"

"Ndiyo, baba."

"Bo-bomba gani? Hili letu la mtaani?" Akatabasamu kwa upande mmoja. "Ma-maana hilo nalo hu-hukohoa kwanza."

Mama, aliyekuwa pembeni akitia vitundu vya vifungo, akacheka. Binti naye akacheka. Kisha baba akauliza swali ambalo hakuwa akicheka alipoliuliza.

"Na wa-wamenisikia hivi hivi ni-nilivyo?"

Hapo ndipo palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Mtu angeweza kupitisha mkokoteni pale. Binti akaona mama ameinua macho kutoka kwenye shati.

"Wamekusikia, baba."

"Mpaka mwi-mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Baba akainamia kitambaa chake. Hakushona. Alikipapasa tu, akakipapasa tena, kama anayetafuta mahali kilipoanzia.

Tangu siku hiyo akaanza kubadilika, na kila badiliko lilikuwa msumari kwa binti. Yule mtu aliyekuwa akivuka barabara ili asisalimiane na watu wengi kwa mpigo akaanza kusimama kizingitini mwa duka na kusalimia mmoja mmoja, wapate muda wasipate. Akapiga simu. Watu wasio na kigugumizi hawajui simu ni nini: upande wa pili hakuna anayeuona mdomo wako ukihangaika, wanasikia kimya, wanasema halo, halo, wanakata. Alimpigia dada yake, shangazi wa binti, yeye mwenyewe, akakatiwa, akapiga tena. Kikao cha wakazi kilipoitwa kujadili mtaro uliokuwa ukirudisha maji machafu kwenye nyua za watu, alinyoosha mkono. Mwenyekiti alidhani anaomba kutoka nje. Baba akasimama akasema mtaro umechimbwa juu kuliko nyumba, na kusema hivyo kulichukua muda ambao wengine wangehutubia taifa, lakini hakuketi mpaka amemaliza.

"Dizeli leo umejazwa mafuta gani?" fundi viatu alimtania walipotoka.

"Wa-watu wananisikiliza siku hizi," baba akajibu. "Ni-nilikuwa nawaonea bure."

Mama alimsubiri binti nyuma ya nyumba, penye kamba za kuanikia.

"Mwambie kabla hajaambiwa na mtu," alisema. "Mimi nimeziona hizo video. Mteja alinionyesha. Yule si baba yako."

"Ni baba. Maneno ni yake yote."

"Mwanangu, usinifanye mjinga. Mwambie."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Mama, ulimwona jana? Amempigia shangazi mara ya pili. Baada ya kukatiwa."

Mama akachukua kibanio cha nguo, akakibana kwenye kamba isiyokuwa na nguo. "Nilimwona," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyekwisha kushindwa. "Nilimwona, mwanangu."

Kisha chuo cha ufundi kikatuma mwaliko. Wanafunzi wa ushonaji walikuwa wanahitimu, nao walipopewa nafasi ya kuchagua mgeni wa kuwasemesha, walimchagua fundi wa video. Baba aliposomewa, aliinuka. Akaenda kwenye kabati, akashusha kitambaa cha kijivu alichokuwa amekificha miaka mingi akisubiri mteja anayekistahili, akaanza kujipima mwenyewe.

Siku ya kuamkia sherehe binti alikwenda dukani amepiga moyo konde. Njiani aliyapanga maneno: baba, kuna kitu mashine ilifanya, kuna kitu mimi nilifanya. Alimkuta amemvalisha koti lile sanamu wa dukani, yule asiye na kichwa, na amesimama mbele yake akimhutubia.

"Umekuja wa-wakati mzuri," baba akasema. "Nataka usikie mwa-mwanzo."

"Baba, kwanza mimi nina—"

"Ngoja. Ni-nisipolitoa sasa litarudi." Akavuta pumzi. "Nitaanza hivi. Ni-nitasema, kama kuna mmoja hapa mwenye ulimi ka-ka-ka... kama wangu, asikae nyuma. Mimi nimekaa nyuma mpaka mvi. Ni-nilidhani watu hawana subira. Ku-kumbe wanayo. Nimeongea hivi hivi, na watu wa-wasionijua wamekaa wakanisubiri mpaka mwisho." Akamtazama, uso umemng'aa kama wa mtu aliyetoka kuoga. "Hilo ndilo la-la maana. Mambo ya mi-mikono ya koti watayaona kwenye video. Ulikuwa unataka ku-kusema nini?"

Binti akatazama koti. Lilikaa begani mwa sanamu bila kosa.

"Nilitaka kusema limependeza, baba."

Ukumbi wa chuo ulikuwa mrefu, wenye viti vya plastiki na feni zilizokuwa zikizungusha joto lile lile. Baba aliketishwa mbele, mkabala na jukwaa. Binti na mama walipewa safu ya tatu. Mshereheshaji, kijana mwenye tai nyekundu na maneno mengi, akapanda jukwaani na kusema kwamba kabla hajamkaribisha mgeni, wajikumbushe kidogo wote kwa nini wanampenda.

Taa zikazimwa. Ukutani ukatokea mkono wa baba, mkubwa kuliko mlango, na chaki mkononi.

"Kata hapa," sauti ikasema, "kisha kunja kidogo kuelekea kwapani."

Watu wakapiga makofi. Binti hakutazama ukuta. Alitazama kisogo cha baba. Mwanzoni hakikutikisika. Kisha kikainama kidogo upande, kama cha mtu anayesikia jina lake likiitwa barabarani na kujiuliza kama ni yeye. Kipande cha kwanza kikaisha, cha pili kikaingia. Ukumbi ukacheka penye mizaha. Waliijua kwa moyo, wengine waliisema pamoja na ukuta. Na baba akageuka. Aligeuka taratibu, kiti kikalia chini yake, akapitisha macho safu ya kwanza, ya pili, mpaka akampata binti yake. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira. Alimtazama kama anayeuliza tu, halafu akapata jibu, halafu akageuka mbele tena.

"Na sasa," mshereheshaji akasema, "mwenye maneno yake mwenyewe."

Baba alipanda. Koti la kijivu lilipanda naye bila kujikunja mahali popote. Akapewa kipaza sauti.

"N-n-n-n," kikasema kipaza sauti, na kwa kuwa kilikuwa kizuri, kila n ilifika ukutani na kurudi. "N-n-n-n-n."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko cha upendo, hilo lazima lisemwe. Walidhani fundi wao ameanza kutania. Wakasubiri mzaha uishe. Haukuisha. Kicheko kikapungua, kikawa kikohozi, kikawa kuguna.

"Mzee ameganda," mmoja akasema nyuma. "Mtandao uko chini."

Hapo kicheko kilichofuata hakikuwa cha upendo tena. Mwingine akadakia, "Tuleteeni yule wa kwenye skrini, huyu si yeye." Mshereheshaji akaona mgeni wake anaumbuka, na kwa nia njema kabisa akampungia mkono fundi mitambo. Ukuta ukawaka. Baba akabaki amesimama chini ya baba mwingine, kipaza sauti mdomoni, mdomo wazi, na yule wa juu akazungumza. Alizungumza kama maji ya bomba. Baba hakushuka. Alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama alivyowahi kutamani yeye asikilizwe. Kisha akakilaza kipaza sauti juu ya meza kwa uangalifu ule anaolazia pasi ya moto, akashuka, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Hajasema neno tangu hapo.

Si kwamba alinuna. Kununa kungekuwa kitu. Mtu aliyenuna anabembelezwa. Alikula, alishona, alitikisa kichwa au alikubali kwa kichwa. Mteja akiingia alionyesha kwa kidole. Fundi viatu alikuja mara tatu na mizaha yake, mara ya nne akaja bila mzaha, akakaa, akaondoka. Baba alinunua simu ya kioo. Mama alifurahi kidogo, akasema labda atakuwa anaandika.

Hakuwa anaandika. Binti aliingia dukani mchana mmoja asisikike, akamkuta baba ameegemeza simu kwenye cherehani, sauti ameipunguza mpaka kuwa mnong'ono, kipande kikicheza na kurudi mwanzo. Midomo yake ilikuwa ikienda pamoja nacho. Kata hapa, kisha kunja kidogo. Midomo haikukwama hata mara moja. Sauti haikutoka.

"Baba, nitazifuta zote," binti akasema. "Leo hii. Nitazifuta."

Baba akaichukua simu, akaikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, akatikisa kichwa. Na wiki ile ile mama akaona mteja akiuliza namna ya kupiga pasi koti lake, na baba, badala ya kuonyesha, akatafuta kwenye simu, akampa mteja asikilize. Mteja akashukuru. Akamshukuru nani, mama hakujua.

Ndipo shangazi akaja. Alikuja na mkoba wake mkubwa na sauti yake inayotangulia hodi, akawaketisha wote sebuleni: kaka yake kwenye kiti chenye mikono, wifi yake pembeni, na mkosaji kwenye kiti cha mbao katikati.

"Hatukuja kugombana," shangazi akasema. "Umemwaibisha baba yako mbele ya watu. Umemdanganya. Mtoto mwenye diploma, umekaa unamsomea uongo kila jioni. Mwombe msamaha, baba atakusamehe, ataongea, yaishe."

"Ataongea?"

"Kinachomziba ni uchungu. Uchungu ukitoka, mtu huongea. Piga magoti hapo."

Mama akasema kwa upole, "Neno moja tu, mwanangu."

Binti alikuwa nalo. Alikuwa ametembea nalo majuma yote hayo, na sasa alikwisha kusogea ukingoni mwa kiti ili apige magoti. Akamtazama baba.

Baba alikuwa ameinua uso. Midomo yake ilikutana, ikaachana, ikakutana. Mshipa wa shingoni ukasimama. Mama akashika mkono wa kiti.

"M-m-m," baba akasema.

Ilikuwa sauti. Ilikuwa imeota kutu, lakini ilikuwa yake.

"M-m-m-m—"

"Nimekusikia, kaka, usijichoshe," shangazi akasema, akimpapasa goti. "Anasema mwombe msamaha, yaishe."

Baba akaachia pumzi. Ilitoka ndefu, kama ya tairi. Midomo ikafunga. Uso ukarudi chini, kwenye mikono, na mikono haikuwa na la kufanya.

"Hajasema hivyo," binti akasema.

"Sasa alitaka kusema nini kingine?"

"Sijui. Na wewe hujui. Alikuwa analileta neno lake."

"Alikuwa anateseka. Namjua kabla hujazaliwa, tangu utoto nilikuwa mdomo wake mimi. Dukani nilisema mimi, shuleni nilisema mimi."

"Na mama akaipokea kazi hiyo ya kumsemea."

"Mimi nilikuwa namsaidia," mama akasema.

"Najua, mama. Na mimi nilikuwa namsaidia." Binti akainuka kwenye kile kiti cha mbao. Hakupandisha sauti, hakuwa na nguvu za kuipandisha. "Mimi nilibonyeza mara moja. Ninyi mmekuwa mkibonyeza tangu akiwa mtoto. Sasa hivi tu, shangazi, hapa hapa, umebonyeza, na hujui hata ulichokikata."

"Usitugeuzie kibao. Umekosa, omba msamaha."

"Nikiomba, mtataka anijibu. Akianza kujibu, mtamjibia. Kisha mtachemsha chai mseme yamekwisha."

"Kwa hiyo?"

Baba hakuinua uso.

"Kwa hiyo siombi," binti akasema. "Si kwako, si kwa mama, wala si kwake mbele yenu. Siombi msamaha."